Kulala ndani ya gari kwenye baridi ya milimani: wewe, mwenzako na mbwa

Tangu mimi na mke wangu tuanze kulala kwenye gari nyanda za juu za Kenya, huko Kinangop na pande za Naro Moru, tukiwa na mbwa wetu Bosko, maswali tunayoulizwa ni yale yale. Hamgandi? Mbwa analala wapi? Gari dogo linatosha? Na je, si muingize tu kajiko kadogo ka makaa? Nimechoka kuyajibu moja moja kwenye simu, hasa hilo la jiko, kwa hiyo nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa safari yenyewe.

Tuelewane kwanza kuhusu baridi yenyewe. Theluji ya Mlima Kenya iko juu, karibu na vilele, na barabara za gari zinaishia kwenye mita 3,000 na kitu. Hutalala ndani ya gari juu ya theluji nchini Kenya. Utakachokutana nacho ni sakitu: nyasi nyeupe alfajiri, kioo cha mbele kimeshikwa na barafu, maji ya mbwa yametanda ngozi ya barafu kwenye bakuli. (Ndiyo, Septemba 2008 kilima karibu na Nyahururu kilifunikwa weupe na watu wakaenda kuuchezea. Usipange safari ukitegemea hilo.)

Wengi hudhani mwezi mbaya ni Julai kwa sababu Nairobi ndiyo hutetemeka Julai. Huko juu, usiku mkali zaidi mara nyingi huwa kati ya Desemba na Februari, wakati anga haina wingu hata moja. Wingu ni blanketi. Likiondoka, joto la ardhi lote linapaa na kupotea. Hesabu ya haraka: kila mita 1,000 unazopanda, toa nyuzi 6 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,800, Njabini, huko Kinangop, ni zaidi ya mita 2,500. Kisha toa tena nyuzi kadhaa kwa ajili ya anga iliyo wazi, na uko sifuri.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Godoro la sponji, angalau inchi 3, lililokatwa kwa umbo la buti na viti vilivyolazwa.
- Ngozi mbili au tatu za kondoo. Zile zinazotundikwa kando ya barabara pale juu ya Bonde la Ufa, ukipita Kimende. Punguza bei bila haya.
- Mifuko miwili ya kulalia au mablanketi mazito manne. Shuka la Kimaasai ni zuri kwa jioni, halitoshi usiku.
- Soksi za sufu, kofia za marvin, jaketi zenye manyoya ya bata ndani. Kwenye masoko ya mitumba ya Nairobi, Gikomba na Toi, zinauzwa kwa bei ya kicheko kuliko dukani, mradi uende asubuhi bero inapofunguliwa.
- Mtungi wa gesi wa kilo 6 na kichomeo chake, na chupa ya chai inayotunza joto.
- Chupa mbili za mpira za maji moto.
- Tochi za kichwani, pawabenki, nyaya za kushtulia betri, kamba ya kuvutia gari, jembe dogo.
- Vitambaa vikavu vingi. Vingi kuliko unavyofikiri.
- Vya mbwa: kola yenye namba yako ya simu, kamba fupi na ndefu, sweta, taulo lake, maji, chakula cha ziada kama theluthi moja, na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kuhusu gari: Probox inatosha. Nasema hivi kwa sababu watu huahirisha safari mwaka mzima wakingoja Prado. Probox viti vikilazwa unapata urefu wa karibu mita 1.8, na sakafu yake ni tambarare kuliko ya magari mengi ya bei mbaya. Sisi tuna Forester ya zamani, ambayo sakafu yake inainuka kidogo kuelekea mbele, kwa hiyo tunaweka blanketi lililokunjwa pale kwenye bonde. Gari lolote ambalo watu wawili wanaweza kunyoosha miguu ndani yake ni gari la kulalia.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali, ukianza na suala la mbwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mbwa haruhusiwi kuingia hifadhi za taifa. Haijalishi amefungwa, amelala au ni mdogo kama paka. Ukifika lango la Aberdare au la Mlima Kenya naye kwenye kiti cha nyuma, utarudishwa. Kwa hiyo sahau habari ya ndani ya hifadhi, utafute ukingoni: kambi za watu binafsi pande za Naro Moru, Nanyuki, Timau na Kinangop. Piga simu mapema na uulize maneno haya haya: "Mbwa anaruhusiwa kulala?" Usiulize kama wanapenda mbwa. Tuliwahi kuuliza hivyo, tukajibiwa wanapenda sana, tukafika saa moja usiku na kuambiwa kupenda ni jambo moja na kulaza ni jingine.

Shamba la mtu nalo linafaa, ukimwomba mwenyewe na majirani wakajulishwa. Kando ya barabara kuu usilale.

Ukiwa tayari kwenye eneo, usiegeshe bondeni. Hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji na kujikusanya palipo chini. Waulize wakulima wa viazi ni sehemu gani ya shamba huungua kwanza na sakitu, wao wanajua kwa hasara. Egesha katikati ya mteremko, mahali ambapo jua la asubuhi litakufikia mapema, pua ya gari ikielekea upepo unakotoka, ili bomba la moshi liwe upande wa pili. Mteremko mdogo hauna shida mradi vichwa viwe juu. Epuka pia kujibana na msitu. Chui anampenda mbwa kwa namna ambayo mbwa hatafurahia.

2. Jaribu usiku mmoja nyumbani.

Lala kwenye gari ndani ya kiwanja chenu, nyote watatu, kabla ya kwenda popote. Utagundua nani anakoroma kwa mwangwi, mbwa anageuka mara ngapi, na kitasa gani kinachoma mbavu. Soja wetu alinigongea dirisha saa sita usiku na kuniuliza kwa huruma, "Mkubwa, leo mama amekufungia nje?" Mama alikuwa pembeni yangu chini ya blanketi, akicheka.

Usiku huo pia utagundua jambo la alamu. Alamu nyingi zinazofungwa hapa Nairobi husikia mtikisiko. Mkifunga kwa rimoti mkiwa ndani, mbwa akijikuna tu, kambi nzima inaamka. Fungeni milango kwa mkono kutoka ndani.

3. Mwandae mbwa na gari, wiki moja kabla.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na wakati. Mpake dawa ya kupe, nyasi za huko juu zimejaa. Mbwa wa manyoya mafupi, na wengi wa mbwa wetu ni hao, anahitaji sweta. Mbwa mzee, mtoto wa mbwa au mgonjwa mwache kwa jirani.

Upande wa gari, pima betri. Betri inayosita asubuhi Kasarani haitaamka kabisa Kinangop. Halafu fungua rejeta. Magari mengi ya Nairobi yanatembea na maji ya bomba, na maji yakiganda hutanuka na yanaweza kupasua injini. Mwambie fundi aweke kulanti. Ila kulanti nyingi zina sumu tamu ambayo mbwa huilamba kwa furaha na kufa kwa figo. Likimwagika tone, futa na uoshe kabla hujamshusha mbwa.

4. Fika saa kumi jioni.

Ukifika gizani utaegesha pabaya, utapika vibaya na mtagombana. Ondokeni Nairobi kabla ya saa sita mchana, mpite Soko Mjinga mchukue karoti na viazi, na mfike mkiwa na saa mbili za mwanga. Mtembeze mbwa mzunguko mrefu kwa kamba ili achoke na aijue harufu ya mahali.

5. Tandika kitanda kabla jua halijazama.

Baridi ya usiku hutoka chini zaidi kuliko juu. Mablanketi yaliyo chini yako yanakandamizwa na uzito wa mwili, hewa inatoka, hayafai kitu. Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: chini kuwe kunene kuliko juu. Makatoni yaliyokunjuliwa kwanza juu ya sakafu ya chuma, kisha sponji, kisha ngozi za kondoo, manyoya juu. Ukikosa pesa za vitu vingine vyote kwenye orodha ile, nunua ngozi.

6. Ziba vioo, acha nafasi ya kupumua.

Kata katoni kwa umbo la kila dirisha, bandika juu yake vile vikinga jua vya kung'aa, na uzitie kwa kubana. Joto jingi la gari hupotelea kwenye vioo.

Kisha fungua madirisha mawili, la mbele upande mmoja na la nyuma upande mwingine, upana wa vidole viwili kila moja. Najua inaonekana kama wazimu, unafungua dirisha kwenye baridi. Usiku wetu wa kwanza tulifunga kila kitu kwa werevu wetu. Watu wawili na mbwa mmoja hutoa maji mengi kwa kupumua tu. Saa tisa usiku dari ilikuwa inadondosha matone, blanketi limelowa, Bosko anatetemeka, na mke wangu akaniuliza kwa sauti ya upole mno kama hii ndiyo likizo niliyomwahidi. Baridi kavu ya nyuzi 2 inavumilika. Baridi ya nyuzi 8 yenye unyevu haivumiliki. Vile vikinga mvua vya plastiki juu ya dirisha, ambavyo magari mengi kutoka Japani huja navyo, vinakuruhusu kuacha nafasi hata mvua ikinyesha.

7. Pikeni nje, mle vizuri, mle mapema.

Meko ibaki nje, hatua kadhaa kutoka kwenye gari. Kwenye mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo maharagwe mabichi yatawatesa hadi usiku wa manane. Chemsheni githeri nyumbani, huku mkaange tu na vitunguu na mafuta ya kutosha. Mafuta ndiyo kuni za mwili. (Vitunguu mbali na mbwa, ni sumu kwake, sawa na chokoleti na zabibu.) Mbwa mpe chakula chake chenye uvuguvugu na ile theluthi ya ziada, saa mbili kabla ya kulala ili apate nafasi ya kutoka.

Vile vimtungi vidogo vya gesi ya butani vya kambini huzimia karibu na sifuri. Mtungi wa kilo 6 wa nyumbani ni mzito lakini hauna ugomvi.

Pombe: glasi moja ni hiari yako, lakini joto unalolisikia ni damu inayokimbilia kwenye ngozi na kwenda kupotea nje.

8. Vaa nguo kavu za kulalia.

Vua kila kitu ulichovaa mchana, hata kama kinaonekana kikavu. Jasho limo. Soksi kavu, fulana kavu, marvin kichwani. Usijivike nguo zote ulizonazo hadi damu ishindwe kupita. Jaza chupa za mpira maji moto, moja miguuni na moja tumboni. Simu na pawabenki ziingie kitandani, baridi hunyonya betri.

Kisha kojoa. Hata kama huna mkojo, nenda. Na mbwa vivyo hivyo.

9. Mbwa alale katikati, juu ya ngozi yake.

Si kiti cha mbele, si sakafuni. Joto la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya lako, na akishiba ni jiko lisilo na moshi. Mfute miguu na tumbo kwa taulo hadi akauke kabisa kabla hajaingia, kwa sababu mbwa aliyelowa ataloweka kila mtu. Mfunike kwa blanketi jepesi lake mwenyewe. Mkimlaza chini ya lenu, akitoka saa nane anatoka na joto lote.

Kamba yake iwe mkononi kabla ya kufungua mlango usiku. Akinusa fisi na hana kamba, utamtafuta hadi mchana.

10. Asubuhi, anika.

Futa vioo, fungua milango yote, tandaza blanketi juu ya boneti jua likifika. Kama mnalala usiku wa pili, hii ndiyo kazi muhimu kuliko chai, ingawa kwetu chai hutangulia. Kioo cha mbele kikiwa na barafu usikimwagie maji ya moto, kitapasuka. Kwaruza kwa kadi ya zamani ya plastiki.

Kuhusu jiko la makaa

Hapana. Hata makaa yaliyokwisha kuwa mekundu, hata dirisha likiwa wazi, hata dakika kumi tu. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, nayo huua watu ndani ya nyumba zenye vyumba vikubwa kuliko gari lako. Kichomeo cha gesi ndani ni hapana pia. Injini isiachwe ikinguruma mkiwa mmelala. Ukitaka hita, washa dakika kumi mkiwa macho, hakikisha bomba la moshi halijazibwa na nyasi au matope, kisha zima.

Mkienda kwenye theluji yenyewe

Wapo wanaoniandikia wakiwa Uingereza, Marekani, au wakipanga kupanda Sani Pass kuingia Lesotho majira ya baridi ya kule. Hatua ni zile zile, na nyongeza chache. Theluji inayoanguka usiku inaweza kuzika bomba la moshi, kwa hiyo lifukue pande zote kabla ya kugusa ufunguo. Fanya hivyo kila mara, si asubuhi tu. Beba minyororo ya tairi na ujifunze kuifunga nyumbani kwa mikono mikavu. Dizeli ya kawaida huganda kama samli kwenye baridi kali, jaza ya majira ya baridi huko huko. Theluji hujisokota kuwa vidonge kati ya vidole vya mbwa, na chumvi inayomwagwa barabarani humchoma, basi mwoshe miguu na umkaushe kila anaporudi. Chupa ya maji ya kunywa ilale nanyi, kifuniko chini, ili barafu isianzie mdomoni.

Mambo yakienda kombo

*Mmelala lakini miguu haipati joto.* Kuleni kitu chenye mafuta au sukari, njugu zinatosha, vaeni marvin kama mmevua, na ongezeni kitu chini yenu, si juu.

*Vioo vinatiririka maji.* Nafasi ya hewa haitoshi. Ongeza kidole kimoja kila upande, futa, rudi kulala.

*Kichwa kinauma.* Inaweza kuwa mwinuko au kutokunywa maji. Lakini kama kuna moto wowote uliwaka ndani, au injini ilikuwa inanguruma, chukulia ni gesi hadi ijulikane vingine: wote nje mara moja pamoja na mbwa, milango wazi, na hospitali kama kuna kizunguzungu au kutapika.

*Mwenzako anatetemeka bila kukoma, au maneno yanamtoka kwa kukokota.* Mvue nguo zenye unyevu, mkumbatie ndani ya mfuko mmoja, mpe chai tamu ya uvuguvugu kama anameza vizuri. Akiacha kutetemeka na bado ni baridi huku amezubaa, safari imekwisha. Washa gari, nendeni hospitali.

*Mbwa hatulii.* Mara tisa kati ya kumi anataka kutoka. Ile ya kumi amesikia kitu, na hapo msimfungulie. Akijikunja, akatetemeka na masikio kuwa baridi, mwingizeni kati yenu na mumpe chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo. Akilegea na kukataa kusimama, tafuta daktari wa mifugo bila kungoja kuche.

*Gari haliwaki.* Zima kila taa, subiri jua lipige boneti nusu saa, jaribu tena kwa sekunde tano tano. Likigoma, nyaya za kushtulia. Ndiyo sababu ya kuegesha pua mahali ambapo gari jingine linaweza kufika, na ndiyo sababu ya kumsalimia jirani wa kambi jioni kabla hujamhitaji asubuhi.